Mrejesho: ile altrasaundi ya shingo

Habari zenu. Mwezi uliopita niliuliza kama altrasaundi inaweza kupima misuli ya ndani ya shingo, maana maumivu yalikuwa yakinitesa kwenye cherehani pale Kibuye na eksirei haikuonyesha kitu. Mlionitia moyo niende, asanteni sana.

Nimepimwa hapa Kisumu. Nililala chali, jeli baridi ikapakwa kando ya koromeo. Kwenye skrini mshipa mkubwa wa damu ulikuwa ukidunda, na nyuma yake, umelalia pingili za shingo kabisa, msuli mweusi wenye ukingo mweupe. Huo ndio longasi koli, msuli wa ndani wa mbele ya shingo. Mtaalamu wa fiziotherapia akaniambia nisimeze mate, kisha niitikie kwa kidevu tu bila kuinua kichwa. Nikauona ukinenepa kwa macho yangu! Alipiga picha tatu akatafuta wastani, na kifaa alikishika kwa wepesi mno, kwani ukikandamiza, msuli unabonyea na kipimo kinapotoka.

Wangu wa kulia ulinenepa kidogo sana. Lakini alinieleza wazi kwamba picha hiyo peke yake haithibitishi chanzo cha maumivu. Kipimo hakina mionzi, kwa hiyo tutarudia.

Sasa nafanya mazoezi ya kuitikia kwa kidevu hivyo hivyo, na mto wa hewa wenye kipimo cha presha chini ya shingo: naanzia presha ya milimita 20 za zebaki, napanda mbili mbili kuelekea 30, kila hatua sekunde 10. Nimefika 24. Jana nimeshona sare nne za shule bila kusimama kujikanda.