Mnaoitukana The Message, wangapi kati yenu mmeitazama?

Assalaam alaykum wakuu. Nimetanguliza salamu maana nikianza na yaliyo moyoni uzi utafungwa kabla ya aya ya pili.

Juzi usiku mtoto wa dada yangu aliuliza kwenye kundi letu la familia, Bilal alikuwa nani. Nikaona kuliko nimwandikie gazeti, nimrushie kipande cha dakika chache kutoka The Message, ile filamu ya 1976 kuhusu Mtume Muhammad (s.a.w.) na mwanzo wa Uislamu, pale Bilal, mwadhini wa Mtume, anapopanda juu kuadhini adhana ya kwanza Madina. Haikupita robo saa, Ami mmoja (mtu mzima, namheshimu, na shikamoo yake iko palepale) akaibuka: "Futa uchafu huo. Hiyo ndiyo ile sinema Mzungu kajifanya Mtume." Nikamjibu kwa adabu zote, "Ami, Mtume haonekani wala hasikiki kwenye filamu hii mwanzo mpaka mwisho. Umewahi kuitazama?" Akasema hana haja ya kuonja sumu ndipo ajue ni sumu. Watu wakamwagika na maashaallah zao. Nilipoandika mara ya pili nikakuta nimeshatolewa. Nimefukuzwa kwenye kundi la ukoo wangu mwenyewe kwa kosa la kutuma adhana!

Sasa nimekuja kulitapika hapa, maana humu nako kila ikitajwa filamu hii wanatokea walewale na wimbo uleule. Mzungu kacheza Mtume. Mzungu kacheza Mtume. Jamani, Anthony Quinn ndiye stelingi, sikatai, na sura yake imejazwa kwenye kava. Nadhani wengi mliishia kwenye kava hapo. Lakini Quinn kacheza Hamza, ami yake Mtume (s.a.w.), yule aliyeuawa kwenye vita vya Uhud kwa mkuki wa mtumwa aitwaye Wahshi. Kabla hata hadithi haijaanza kuna maandishi kwenye skrini yanayosema wazi kwamba kwa kuheshimu mila ya Uislamu, Mtume hataoneshwa. Maandishi, tena makubwa! Ungetazama dakika tano tu ungeyakuta.

Na aliyeitengeneza si Mzungu mwenye chuki anayetaka kutuchezea dini. Ni Moustapha Akkad, Mwislamu wa Aleppo, Syria. Mwenyewe alikuwa akisimulia kwamba alipoondoka kijana kwenda Marekani kusomea filamu, baba yake alimpa dola 200 na msahafu. Kabla ya kupiga picha alipeleka mswada kwa maulamaa wa chuo cha Kiislamu cha Al-Azhar, Cairo, na kwa Baraza Kuu la Mashia wa Lebanoni, na idhini zao zimetajwa palepale mwanzoni. Baadaye Azhar wakarudi nyuma, na Rabita ya Makka (jumuiya ya Waislamu duniani) ilikuwa imekwishakataa. Alianza kazi Moroko, akajenga Makka nzima ya kuigizia, Saudia wakambana Mfalme Hassan II mpaka kazi ikasimama, ikabidi ahamie Libya na Gaddafi ndiye akatoa fedha za kumalizia. Na kila tukio alilipiga mara mbili: mara moja na waigizaji wa Kiingereza, mara ya pili na waigizaji wa Kiarabu, ambapo Abdullah Gaith ndiye Hamza. Kwa hiyo hata wewe ambaye tatizo lako ni Uzungu wa Quinn, dawa yako ilitengenezwa tangu 1976. Huitaki.

Ngoja niwaeleze wanavyomficha Mtume, maana hapa ndipo mtu anayejua kazi ya kamera anavua kofia. Siku ya kuingia Madina, watu wamejaa njiani na kwenye mitende wanaimba Tala'al badru, wimbo wa kumpokea Mtume. Unamsubiri huyo wanayemwimbia. Humwoni, kwa sababu kamera ndiyo iko pale alipo yeye. Watu wanakutazama wewe machoni, wanalia, wanapisha njia. Ngamia anaachiwa achague pa kupumzika, na wote wananyamaza kumtazama mnyama anatembea tu. Penginepo mtu anasimama mbele ya kamera, anauliza jambo, ananyamaza, uso unabadilika, kisha anaitikia kama aliyekwisha jibiwa. Mtu mzima kama mimi nilijikuta nimekaa sawasawa kwenye kiti. Hicho ndicho mnachokiita kumdhalilisha Mtume?

Si yeye tu. Ali haonekani, unachoona ni ncha mbili za upanga wake. Wakeze Mtume hawaonekani. Abu Bakr, Umar na Uthman hawajapewa waigizaji. Akkad alijifunga kamba miguuni mwenyewe halafu akakimbia.

Na kamba hizo zimeiumiza filamu, nami nalisema ingawa naitetea. Kwa kuwa waliokuwa karibu zaidi na Mtume hawaoneshwi, Hamza anapewa uzito kuliko aliokuwa nao kwenye sira (historia ya maisha ya Mtume), na akishakufa Uhud filamu inapoteza pumzi. Mazungumzo mengine yanakuwa ya kukwaruza: mtu anarudia kwa sauti alichoambiwa ili sisi tuelewe. Bi Khadija kutokuwapo kunaacha shimo kubwa, huwezi kusimulia miaka ile ya Makka bila yeye. Hizo ndizo lawama za mtu aliyetazama. Njooni nazo tugombane mpaka asubuhi.

Kuna na hoja ya maulamaa wanaosema Sahaba yeyote asiigizwe, awe Hamza awe Bilal, kwa sababu mwigizaji kesho utamkuta kwenye filamu nyingine anakunywa pombe na sura ileile. Hiyo ni hoja. Sikubaliani nayo, lakini mwenye kuisema amefikiri, na simweki kapu moja na wapiga kelele. Ami hakuisema hiyo. Yeye kasema uongo, tena uongo ambao umri wake unakaribia miaka hamsini.

Uongo huohuo una damu, kama hamjui. Machi 1977, siku filamu inaanza kuoneshwa Marekani, kundi la watu wenye silaha wakiongozwa na Hamaas Abdul Khaalis, mkuu wa kikundi kidogo cha Waislamu wa Marekani, waliteka majengo matatu mjini Washington, kimojawapo kikiwa Kituo cha Kiislamu, na kushikilia mateka karibu 150 kwa siku tatu. Dai lake kubwa lilikuwa jingine: alitaka akabidhiwe waliowaua watu wa familia yake mwaka 1973. Lakini ndani ya madai yake alitaka pia filamu hii izuiwe kwa kuwa ni kufuru, na maonyesho yakasimamishwa. Mwandishi kijana wa redio aliuawa kwa risasi. Ilibidi mabalozi wa Misri, Pakistani na Irani wakae na Khaalis wamsomee Qur'ani ndipo wakaelewana. Filamu yenyewe hakuwa ameiona.

Surat al-Hujurat, aya ya 6, mnaijua wote. Ikija habari ichunguzwe kwanza, msije mkawadhuru watu kwa kutojua. (Aya inamtaja mpotovu anayeleta habari. Sisemi Ami ni mpotovu, msinigombanishe zaidi ya hapa.)

Mnaosema filamu inaupotosha Uislamu mbele ya wasio Waislamu, mimi nawauliza kuhusu kipande cha Habasha (Uhabeshi). Waislamu waliokimbia mateso ya Makka wamesimama mbele ya mfalme Najashi, Makureshi wamekuja kuwadai wawarudishe. Jaafar, msemaji wa wakimbizi hao, anaanza kusoma Surat Maryam, habari za Bi Maryam na kuzaliwa kwa Nabii Isa. Mfalme yule Mkristo anainuka, anachora mstari chini kwa fimbo yake, anasema tofauti baina yetu na ninyi haizidi unene wa mstari huu. Mniletee mawaidha mangapi yaliyoifikisha habari hiyo kwa Wakristo wengi kuliko dakika zile. Nimeitazama na rafiki yangu Mkatoliki, akaniomba nirudishe nyuma aone tena.

Tena niwachekeshe kidogo. Saudia ileile iliyofanya filamu ikafukuzwa Moroko, ilipofungua tena majumba ya sinema mwaka 2018, The Message ilikuwa miongoni mwa zilizooneshwa, Juni, msimu wa Idi. Akkad hakuishi kuona. Alikufa Novemba 2005 kwa mabomu ya hotelini Amman, yeye na binti yake Rima, mabomu ya watu waliodai wanaupigania Uislamu. Nikikumbuka hilo halafu nisome "uchafu" kwenye simu yangu, nashindwa kulala.

Jana mtoto wa dada kanipigia pembeni, kwa sauti ya chini kama mwizi, anaitaka nzima. Nimemwambia ni saa tatu, aanze baada ya Isha na simu ya mama yake iwe kwenye chaji.

Haya, uwanja wenu. Atakayeanza na "nimesikia" simjibu.