Tupeane uzoefu: maziwa ya kukamua, yaka (umeme wa kulipia kabla) ikiisha usiku mnafanyaje?

Mama_Kireka
Saa nane usiku. Friji imenyamaza. Wenye friji kuukuu mnaujua ule ukimya, unaamka kwa sababu kelele imekoma. Yaka imeisha, kwenye simu hakuna hata mia, ajenti wa hapa chini anafungua saa kumi na mbili. Friza ina pakiti 22 za maziwa niliyokamua usiku baada ya usiku, na Jumatatu narudi kazini. Nimekaa sakafuni jikoni nalia kama nimefiwa. Mume kageuka upande wa pili akasema, "Si kuna ya ng'ombe?" Nusura nimrushie sigiri. Waliopitia hili mlifanyaje? Nani yuko macho?

Kahawa_Chungu
Mimi, nanyonyesha. Nimesoma "ukimya" nikainuka kwenda kutazama mita yangu.

Sista_wa_Zamu
Mimi ni nesi, niko zamu. Kwanza usifungue friza hata kuchungulia. Iliyojaa, mlango ukibaki umefungwa, inashika baridi kama siku 2, iliyojaa nusu siku 1. Ile sehemu ya chini ya friji ndiyo haina subira, masaa 4 hivi. Yaliyo huko chini hamishia kwenye kibebeo chenye barafu. Asubuhi ndiyo ukague: pakiti yenye chembe za barafu ndani unaweza kuirudisha igande. Iliyoyeyuka yote kaa nayo kwenye friji, itumike ndani ya masaa 24, usiigandishe tena.

Mtu_wa_Tanga
Ni saa 4, si masaa 4. Na sigiri ndiyo nini?

Kahawa_Chungu
Jiko la mkaa. Mtu analia wewe unasahihisha madaftari.

Mama_Tatu
Mwacheni aseme masaa! Hiyo "saa 4" ilinitesa. Nilibandika karatasi kwenye mlango wa friji: MAZIWA NJE, MWISHO SAA 4. Nilimaanisha yakishatoka yasikae zaidi ya muda huo. Msichana wa kazi akaelewa mtoto apewe saa nne asubuhi. Nimetoka saa kumi na mbili, mtoto ameanza kulia saa moja na nusu, yeye anambembeleza, "Tulia, mama kaandika saa nne." Jirani ndiye alinipigia simu. Nikimlaumu yule binti nitakuwa namuonea, alifuata maandishi.

Mtu_wa_Tanga
Sawa, nimekubali. Masaa.

Jajja_Mzoefu
Sisi tulikamua kwenye kikombe, tukafunika kwa kitambaa safi, tukaenda shamba, tukarudi mchana. Watoto wamekua, wana ndevu. Maziwa ya mama hayaharibiki upesi hivyo.

Sista_wa_Zamu
Jajja, nakuheshimu, lakini huo muda wa masaa 4 wa maziwa kukaa nje ni kwa chumba chenye nyuzi 25 kushuka chini. Gulu mwezi wa pili mchana ni nyuzi ngapi?

Baridi_ya_Kabale
Huku Kabale chumba changu ndicho friji. Karibuni.

Bi_Malaba
Mmenikumbusha 2019. Sikuwa na friji. Jirani yangu alikuwa anauza maji ya baridi na barafu za watoto, ana friza kubwa ya kulala. Tukaelewana elfu kumi kwa wiki, maziwa yangu yakae kona ya kushoto ndani ya ndoo ya rangi yenye kifuniko, nimeandika MTOTO. Miezi miwili hakuna tatizo. Alhamisi moja natoka kazini, nafika pale nakuta sakafuni mraba mkavu na maji yanazunguka pembeni. Friza hakuna. Jirani ameketi kwenye kreti ya soda, ameshika kichwa. Kumbe alikopa, friza ndiyo dhamana, wadai wameibeba.

"Na ndoo yangu?"
"Imo ndani."

Nikapanda boda. Ilikuwa saa ya kunyonyesha, blauzi imelowa kifuani, sijali. Tukaikuta pikapu imekwama kwenye foleni ya malori ya mpakani, friza imelazwa ubavu, imefungwa kamba, kijana kaikalia juu. Nikamwambia anipe ndoo yangu. Akasema vyote vimeandikwa. Ndani kuna nini? Maziwa. Ya nani? Yangu. Ng'ombe wako wako wapi? Nikapiga kelele, "NI YANGU!" nikajishika kifua. Madereva wa malori wote wakatoa vichwa madirishani.

Ngojeni, mtoto kaamka. Narudi.

Kahawa_Chungu
Bi Malaba, usituache foleni!

Baba_Pacha
Akirudi mnistue. Wakati tunasubiri, ushauri wangu: pasha asubuhi mara moja, tia kwenye termosi, msichana anamimina tu siku nzima. Rahisi.

Sista_wa_Zamu
Baba, hapo unafuga vijidudu! Maziwa yakishapashwa ni masaa 2 basi, na aliyobakisha mtoto baada ya kunyonya ni hivyo hivyo, mwaga. Kwenye termosi weka maji ya moto. Wakati wa kulisha mimina maji hayo kwenye bakuli, tumbukiza chombo cha maziwa ndani kimefungwa, subiri kidogo, zungusha polepole mafuta yajichanganye, dondoshea tone kwenye kifundo cha mkono. Yasikie vuguvugu tu. Na maikrowevu hapana, inapasha vipande vipande.

Baba_Pacha
Nathibitisha ya maikrowevu. Chupa nje baridi, katikati moto wa uji. Bahati nilionja kwanza. Mama pacha hajui mpaka leo.

Mama_Pacha_Halisi
Sasa anajua.

Kahawa_Chungu
😂😂 Usiku mwema baba.

Dada_Nakasero
Mimi nina dhambi yangu. Maziwa yakiyeyuka yalinuka sabuni. Nikamwambia msichana hasuuzi chupa. Akakana. Nikamfukuza, saa moja jioni, na mvua. Wiki mbili mbele yananuka vilevile na chupa nimeosha mwenyewe. Ndipo naambiwa maziwa ya baadhi yetu yana kimeng'enya kingi cha kuvunja mafuta, yakikaa harufu inabadilika, wala hayajaharibika. Dawa yake kuyapasha mpaka yaanze vipovu pembeni ya sufuria, bila kuchemka, kabla ya kugandisha. Namba ya yule binti haipatikani tena.

Mama_Tatu
Bambi, maskini.

Jajja_Mzoefu
Nyumbani kwa mtu unanusa kabla ya kufukuza.

Askari_Bombo
Kwa mleta mada: hizo siku zako za likizo ya uzazi nani kahesabu? Sheria ya Ajira ya Uganda ya 2006 inasema siku 60 za KAZI.

Mama_Kireka
Bosi. Kahesabu na Jumapili.

Askari_Bombo
Basi anakudai nini? Wewe ndiye unamdai. Mwandikie barua kabla ya Jumatatu.

Mtu_wa_Tanga
Ukifukuzwa utakamulia wapi? Nenda tu kazini, hesabu utadai ukiwa ndani.

Askari_Bombo
Woga huo ndio unatumaliza.

Kahawa_Chungu
Mnagombana na friza bado imenyamaza. Mama Kireka, namba ya mita nitumie pembeni, USIIWEKE HAPA. Nina elfu kumi.

Mtu_wa_Tanga
Angalia, matapeli ndivyo wanavyoanza.

Kahawa_Chungu
Tapeli anayekutumia hela? Lala bwana.

Bi_Malaba
Nimerudi. Basi, mzee mmoja dereva akashuka na kisu cha kukatia turubai. Hakusema neno. Akakata kamba, akafungua friza, akanipa ndoo, akapanda lori lake. Yule kijana alibaki mdomo wazi. Nikakimbia kwa muuza samaki, akanijazia barafu kwenye mifuko miwili ya kavera bila kuuliza. Pakiti 31. Kumi na mbili zilikuwa laini kabisa, nyingine ngumu katikati. Zile laini mtoto alikunywa tatu, tisa nikazimwagia mpapai. Mama mkwe aliniambia hayamwagwi chini, nikamjibu mpapai hauko chini.

Jajja_Mzoefu
Ulizaa?

Bi_Malaba
Mpaka tunahama.

Baridi_ya_Kabale
Mpapai haukuzaa kwa ajili hiyo.

Bi_Malaba
Wewe ulikuwepo?

Mama_Kireka
Jamani. INAUNGURUMA. Kahawa Chungu, Mungu akuweke. Sijafungua, nitakagua kukicha. Swali la mwisho kabla sijalala: Jumatatu dada amlishe kwa chupa au kikombe? Chupa mtoto anaitema.

Sista_wa_Zamu
Kikombe kidogo, mkalishe wima, kiguse mdomo wa chini, avute mwenyewe. Hata kuosha ni rahisi.

Mama_Tatu
Chupa. Atazoea.

Baba_Pacha
Kijiko.

Mama_Pacha_Halisi
Wewe bado uko macho?