Kile kituo kimechukua nyumba nzima. Tutie sahihi au tusitie?

MtuWaKisauni
Assalaam alaykum na habari zenu. Nina swali, naomba tujibizane bila matusi. Kuna kile kituo cha watu wa mapenzi ya jinsia moja. Miaka yote kilikuwa vyumba viwili nyuma ya duka la spea, hata hujui kama kipo. Mwezi huu kimechukua nyumba nzima ya ghorofa mbili mtaani kwetu. Chini wanapima damu na kutoa dawa, katikati wana ushauri na wasaidizi wa sheria, juu kabisa cherehani na jiko. Sasa mzee wa mtaa anazungusha karatasi tutie sahihi mwenye nyumba awatoe, na Jumamosi baada ya laasiri kuna mkutano. Mimi sijatia. Sijasema nawaunga mkono, nasema sijatia. Je, kituo kama hiki kina haki ya kukua katikati ya mtaa wa watu na familia zao?

Nahodha_Mstaafu
Wa alaykum salaam. Swali lenyewe limekaa upande. Kifungu cha 162 cha sheria ya adhabu kinachokataza tendo hilo kipo, miaka 14 ndani, na Mahakama Kuu ilikiacha palepale 2019. Kitu cha haramu hakiulizwi kama kikue, kinafungwa. Na tusidanganyane, mambo haya hayakuwepo Mombasa. Yameletwa na gari la moshi na dola za wazungu.

Wakili_Njaa
Mzee Nahodha unachanganya mawili. 162 inaadhibu tendo. Kukodi nyumba na kupima watu damu si hilo tendo. Eric Gitari alipeleka jina la shirika la kutetea haki za mashoga kwa bodi ya mashirika kuanzia 2012, wakamkatalia, akaenda kortini, kesi ikapanda hadi Mahakama ya Juu. Februari 2023 majaji wakasema kifungu cha 36 cha Katiba kinampa kila mtu haki ya kujumuika, na huwezi kumnyima mtu chama kwa sababu ya alivyo. Watano kwa wawili.

Kalamu_Kavu
Watatu kwa wawili. Walioketi wote walikuwa watano. Ndiyo maana una njaa, wakili.

Wakili_Njaa
Haya, watatu kwa wawili. Hata bao la penalti ni bao. Na mbunge Kaluma aliporudi kuomba waupitie upya uamuzi, Septemba mwaka ule ule wakamrudisha nyumbani.

Mdigo_Halisi
Na Septemba hiyo hiyo watu walijaa barabarani Mombasa baada ya Ijumaa kuupinga. Hilo mbona hulisemi?

Bi_Kirembo
Nimewasoma nyote kimya, lakini hili la "hayakuwepo Mombasa" sitalimeza. Nahodha, mimi nimezaliwa Kuze, nina miaka 61. Hebu nitajie harusi moja ya Mji wa Kale ya ujana wetu iliyochezwa bila ya wale wenye mikono yao laini. Nani alikuwa akifunga mapazia? Nani alikuwa akitengeneza kitanda cha bibi harusi kwa asumini, akiingia kwenye mkusanyiko wa wanawake na hakuna aliyejitanda? Mama zetu wakiwajua kwa majina na wakiwatolea sinia lao. Hao walishuka stesheni gani? Na hilo neno lenyewe! Bibi yangu alikuwa na mashoga saba, Mungu awarehemu wote, na wote waliacha wajukuu. Shoga ni mwanamke mwenzio unayempa siri yako. Nyinyi wanaume ndio mliolichukua neno letu mkalitia matope.

Nahodha_Mstaafu
Bi Kirembo nakuheshimu kama dada yangu. Kupamba ni kupamba. Mimi sikusema hapakuwa na wapambaji.

Mdigo_Halisi
Meli imegeuza usukani taratibuuu, abiria hawajui.

Binti_Temeke
Jamani huku Bongo bado. Nikimwita jirani yangu "shoga angu" ananiletea chumvi hadi mlangoni. Neno hilo hilo akiitwa kaka yangu, jioni tuko polisi.

Kalamu_Kavu
Bi Kirembo yuko sahihi. Hata kamusi za wamisionari wa karne ya 19 zinalo, rafiki wa mwanamke kwa mwanamke. Na wa zamani hawakulifichaficha jambo. Kuna mtafiti, Gill Shepherd, aliandika kuhusu wasenge na wasagaji wa Mombasa hii hii, miaka ya sabini na themanini. Hapo hakukuwa na mradi, hakukuwa na dola, Ukimwi wenyewe ulikuwa bado haujasikika au ndiyo kwanza unasikika.

Nahodha_Mstaafu
Kwa hiyo ushahidi wako kwamba hawakuletwa na wazungu ni mzungu.

Kalamu_Kavu
Hapo umenipata, wallahi.

Jamvi_la_Wageni
Mimi ni wa bara, nimeishi Kisauni miaka kumi na moja. Nimeona hapo juu "gari la moshi". Kila kitu kibaya Mombasa kimeshuka na gari la moshi. Wizi, sisi. Bangi, sisi. Sasa na hili sisi. Kuna kitu chochote kibaya mlichokitengeneza wenyewe?

Mdigo_Halisi
Yakhe, nyanya kwenye pilau mlileta nyinyi.

Jamvi_la_Wageni
Endelea kucheka. Nilikataliwa nyumba mara tatu kwa sababu ya jina langu la mwisho. Nikimsikia mtu anazungusha karatasi ya sahihi, najua karatasi ijayo ni ya nani.

Nahodha_Mstaafu
Hakuna aliyekutaja, bwana. Usijipachike kwenye kidonda cha mtu.

Mdigo_Halisi
Basi niseme langu, maana utani nimeuanza mimi. Februari 2010 nilikuwa Mtwapa, kidato cha tatu. Ilivuma kwamba kuna wanaume wawili wanaoana. Misikitini na makanisani ikatangazwa, siku ile wote tulikuwa kitu kimoja, jambo ambalo hata ukame haujawahi kutufanyia. Tukaenda kwenye kliniki ya KEMRI, ile taasisi ya utafiti wa tiba, kwa sababu ilisemwa ndiko wanakohudumiwa. Nilikuwa na jiwe mkononi. Kijana aliyetolewa pale nilikuwa namjua, ndiye aliyekuwa akininyoa. Aliniangalia. Jiwe nililitupa mtaroni nikarudi nyumbani nikimwambia mama nina homa. Na harusi yenyewe haikuwepo, ilikuwa uvumi mtupu. Mimi bado naona ni dhambi, sibadilishi neno. Lakini karatasi hiyo ya sahihi siitii mkono.

Binti_Temeke
Umenikumbusha huku kwetu 2018, mkuu wa mkoa wa Dar es Salaam alipotangaza kikosi na namba ya simu ya kuwachongea watu. Serikali yenyewe ikasema ni maoni yake binafsi. Mwaka mmoja kabla yake wizara ilikuwa imefunga huduma za vituo 40 hivi, wakisema vinahamasisha. Walioumia si mashoga peke yao. Kina dada wanaojiuza walikuwa wakihudumiwa humo humo.

Sista_Neema
Mimi ni muuguzi, sifanyi kazi katika kituo hicho lakini tunapelekeana wagonjwa. Mwenye mada, nikusahihishe kitu kimoja. Unasema kimekua. Hakijakua. Januari 2025 Marekani waliposimamisha misaada, amri iliwafikia wafanyakazi wa vituo kwa barua pepe, acheni kazi leo. Baadaye ikatoka ruhusa ya kuendelea na dawa za kufubaza virusi, lakini zile za kujikinga usipate, zikaruhusiwa kwa wajawazito na wanaonyonyesha tu. Wanaume wote wakaachwa nje, na wanawake wengine wote. Vituo vidogo vitatu ninavyovijua vikafunga. Hivyo vyumba viwili vyenu vya nyuma ya spea vilikuwa kimoja kati ya vinne. Waliobaki wamechanga kodi wakaingia nyumba moja. Unachokiona wewe kama ghorofa mbili za mafanikio ni watu wa vituo vinne wamebanana.

Kalamu_Kavu
Subiri. Kwa hiyo "dola za wazungu" zimekatika na kituo bado kipo?

Sista_Neema
Kwa mwendo wa kinyonga, ndiyo. Wauguzi walikuwa watano, sasa ni mmoja na anayejitolea siku mbili. Cherehani unazozisikia juu wanashona sare za shule. Ndiyo kodi hiyo.

MtuWaKisauni
Sare za shule gani?

Sista_Neema
Sitakutajia, maana kesho zitachomwa. Na mkizungumzia "mtaa wa watu na familia zao", nusu ya wanaopima pale chini ni wanawake walioolewa wa mtaani humo humo, kwa sababu foleni ni fupi na hakuna anayemuuliza mtu maswali.

Nahodha_Mstaafu
WANAWAKE WALIOOLEWA WA MTAANI? Sista, hilo utalifuta. Unawatuhumu wake za watu hadharani.

Sista_Neema
Nimesema wanapima damu, mzee. Kupima ni tuhuma?

Nahodha_Mstaafu
Mke wa mtu ana hospitali yake. Anatafuta nini pale?

Bi_Kirembo
Anatafuta kujua mumewe amemletea nini kutoka safarini.

Mdigo_Halisi
Yarabi. Bi Kirembo amezamisha jahazi na nahodha yumo.

Nahodha_Mstaafu
Sina haja ya kuvumilia haya. Nimekaa baharini miaka 27, nimelea watoto sita, hakuna aliyewahi kuniletea mzaha wa aina hii. Mnaanza na haki za binadamu mnaishia kwenye vitanda vya watu.

Wakili_Njaa
Kwa taarifa yako mzee, kifungu cha 162 ndicho kilichotangulia kufika kitandani.

Msimamizi
Onyo. Kuna mtu ameweka jina la barabara na rangi ya geti, nimelifuta na nimemfungia. Usitaje nyumba, usitaje mwenye nyumba. Nahodha na Bi Kirembo, heshima.

Bi_Kirembo
Mimi nimemtaja nani? Nimesema safari. Kama kofia imemkaa, ni kichwa chake.

Mpita_Njia
Sikukusudia kuandika. Mimi huenda pale, juu, kwenye cherehani. Mnajadili kama tumetoka mwezini. Nitasema kidogo tu. Hapa Mombasa PEMA Kenya ilianza 2008 kwa sababu kuna mtu alikufa na familia yake ikakataa kumzika kwa jinsi alivyokuwa. Rafiki zake wakaona hapana, tuwe na chama cha kufaana, kama vile nyinyi mlivyo na vyama vyenu vya maziko. Mambo ya kliniki na wanasheria yalikuja baadaye. Na wao hao ndio waliokwenda kukaa na maimamu na wachungaji, hawakuwaomba wahalalishe kitu, waliwaomba tu wasiwaitie watu mawe kwenye mimbari. Kuna waliokubali. Sitawataja.

Mimi mwenyewe baba yangu alinitoa nyumbani nikiwa na miaka 19. Nilikuja pale kwa sababu palikuwa na mahali pa kuoga. Hiyo ndiyo "programu" ya kwanza niliyoifaidi, bafu. Ya pili ni kwamba kuna mtu alinifundisha kukata kola. Sasa watoto wa mtaa huu wanavaa kola nilizokata mimi, na baba zao wanatia sahihi.

Kalamu_Kavu
Pole, kaka.

Nahodha_Mstaafu
Mtoto hatolewi nyumbani. Hilo ni kosa la baba yako, na nasema hivyo nikiwa nakipinga kituo vile vile. Mwana hata akiwa mlevi hulala kwao.

Mpita_Njia
Shukran. Mwambie yeye.

Nahodha_Mstaafu
Ni wa wapi?

Msimamizi
Mzee, tafadhali.

Nahodha_Mstaafu
Sikutaka jina. Basi.

Jamvi_la_Wageni
Mpita Njia, na hilo jiko la juu ni la nini? Mimi nasikia harufu kutoka kwenye roshani yangu.

Mpita_Njia
Ramadhani huwa tunafuturisha. Siku nyingine ni chakula cha mchana cha waliokuja kuchukua dawa, maana dawa zile kwa tumbo tupu zinakutesa. Pilau Ijumaa.

Mdigo_Halisi
Ile pilau ya mwaka jana ya sahani za karatasi iliyoletwa msikitini usiku wa ishirini na saba ilikuwa yenu?

Mpita_Njia
Sijui ipi unayosema.

Mdigo_Halisi
Yenye bizari nyembamba nyingi na nyama ya mifupa. Nilikula sahani tatu. Imamu alikula mbili.

Mpita_Njia
Sijui.

Bi_Kirembo
Ilikuwa na nyanya?

Mdigo_Halisi
Haikuwa na nyanya.

Bi_Kirembo
Basi ni watoto wa hapa hapa. Nahodha, umesikia? Gari la moshi halijui pilau bila nyanya.

Jamvi_la_Wageni
Nyanya inalainisha nyama, mnajua hilo?

Bi_Kirembo
Baba, hiyo ni mchuzi wa wali. Usituharibie.

Binti_Temeke
Huku Temeke tunatia kidogo, ya rangi tu.

Kalamu_Kavu
Mungu awasamehe wote wawili. Rangi ya pilau ni ya kitunguu, kikaangwe hadi kiwe kama ngozi ya kiatu cha polisi, utie maji, basi.

Wakili_Njaa
Naona hapa kesi imehama mahakama.

MtuWaKisauni
Jamani mimi niliuliza Jumamosi. Karatasi imefika kwangu leo tena, ina majina kama thelathini, na la Nahodha halimo. Mzee, hujatia?

Nahodha_Mstaafu
Kalamu ilikuwa haina wino.

Bi_Kirembo
Nina kalamu tatu hapa.

Nahodha_Mstaafu
Bibi, niache nisali.

MtuWaKisauni
Sawa, mkutano basi. Kuna anayekuja?

Jamvi_la_Wageni
Mkutano gani? Na wewe pilau yako unatia nyanya?