Vidole vya skeli ya kromatiki kwa kasi: mkono wa kulia unanikwama

kinanda_dom
Wakuu, habari za jioni. Napiga piano kwenye kwaya. Katika wimbo tunaouandaa kwa ajili ya Pasaka kuna mahali mkono wa kulia unapanda kromatiki, yaani kila kibao kwa zamu, cheupe na cheusi, kutoka E hadi E, oktava mbili, noti nne kwa kila pigo, metronomu 138 (mapigo 138 kwa dakika). Natumia vidole nilivyofundishwa: cha tatu kwenye vibao vyote vyeusi, gumba kwenye vyeupe, na cha pili pale vyeupe viwili vinapofuatana, yaani kwenye F na C. Mpaka 110 inatoka safi. Nikizidisha hapo, gumba linaanza kugonga na mkono unakakamaa hadi kiwikoni. Niendelee kukazana na mazoezi, au kuna mpangilio mwingine wa vidole kwa ajili ya kasi?

tulizo
Ndugu, usihame haraka, 1-3 (gumba na cha tatu) inafika mbali kuliko watu wanavyodhani. Tazama kwanza kiganja chako kiko wapi. Ukipiga vyeupe huku nje kwenye ncha, mkono mzima unakwenda mbele na kurudi nyuma kila noti. Sogea ndani, gumba liguse cheupe karibu kabisa na pale vyeusi vinapoanzia, na lisinyanyuke.

Mwl_Neema
Anachosema tulizo ni kweli, anza na hilo. Lakini kwa 138 mimi ningebadilisha vidole. Kwa mpangilio wako gumba linapiga mara tano katika kila oktava: D, E, G, A na B. Wanafunzi wangu wakishazoea kasi ya kati nawahamishia huu (namba ni kidole, 1 ni gumba; # ni kibao cheusi kinachofuata noti hiyo):

E1 F2 F#3 – G1 G#2 A3 A#4 – B1 C2 C#3 – D1 D#2, halafu E1 tena.

Gumba limepungua mara moja tu, na si hapo penye faida kubwa. Faida ni kwamba sasa unapiga kwa mafungu: mkono unatulia mahali pamoja kwa noti mbili, tatu au nne, ndipo unahama. Fungu gumu ni la G hadi A#. Cha tatu kinaingia kwenye A, katikati ya vyeusi viwili, na mwenye vidole vinene atasikia kinabana. Zibonyeze kwanza noti zote nne kwa pamoja, mkono ulijue umbo lake, kisha ndiyo uziachanishe moja moja.

Sasa hapa uwe makini sana. Ukianzia E, mapigo yako yanaangukia E, G# na C. Gumba liko kwenye G na B, noti moja kabla ya pigo, na gumba ni zito kwa asili. Ukiliachia lijiangushe, kwaya itasikia pigo limewahi na waimbaji wataingia mapema. Weka mkazo kwenye G# na C, ambazo zote mbili zinapigwa na kidole cha pili. G na B zipitie kwa wepesi. Kwa kweli hili napenda lieleweke kuliko namba zenyewe: vidole unavichagua ukiwa umeshajua pigo liko wapi.

Kule juu kabisa usirudishe gumba. Malizia D1 D#2 E3, mkono ubaki wazi kwa akodi (noti kadhaa kwa pamoja) inayofuata.

noti_tamu
Niongeze kidogo. Inategemea pia mkono huo una kazi gani nyingine. Chopin, kwenye Etude Op. 10 namba 2, kromatiki yote ameipa 3, 4 na 5, kwa sababu gumba na cha pili vinapiga akodi chini yake. Kama wimbo wako una noti ya kushikilia na gumba, mpangilio wa mwalimu hautafaa.

kinanda_dom
Asante sana mwalimu, asanteni wote. Hakuna noti ya kushikilia, mkono uko huru. Nimejaribu polepole, kwa 80, na pigo la G# sasa linasikika vizuri. Je, kushoto? Ukurasa unaofuata kuna kushuka C hadi C.

Mwl_Neema
Vibao vya piano vinafanana pande zote mbili za D, kwa hiyo kushoto ukishuka kutoka C unapata mafungu yaleyale:

C1 B2 A#3 – A1 G#2 G3 F#4 – F1 E2 D#3 – D1 C#2, kisha C.

Mapigo yatakuwa C, G# na E, na G# na E tena ziko kwenye cha pili. Anzia 80 hiyohiyo, kila mkono peke yake. Na kama mnafanyia mazoezi kwenye kinanda cha vibao vyepesi, omba muda kwenye piano yenyewe kabla ya ibada, maana kwenye vibao vizito kile cha nne cha mkono wa kulia juu ya A# hakitoi sauti sawa na wenzake mpaka ukizoeze hapohapo.