Kugawanya anwani zenye sehemu zinazokosekana katika pandas

Muulizaji:
Habari za kazi, ndugu zangu. Nina jedwali lenye safu ya makazi iliyojazwa kwa mtindo wa "Dodoma/Kondoa/Kolo", yaani mkoa, wilaya na kata, nami nataka kila sehemu ipate safu yake. Nilitumia apply(lambda x: x.split("/")), lakini programu inakatika kwa kosa la 'float' object has no attribute 'split', ingawa hakuna namba yoyote iliyoandikwa katika safu hiyo. Nikitanguliza astype(str) kosa linaondoka, ila sasa nina watu wanaoishi katika mkoa uitwao "nan". Natumia pandas 2.2, maktaba ya Python ya kuchakata majedwali.

Jibu la kwanza:
Ndugu, namba hiyo ndiyo nafasi iliyoachwa wazi: pandas huijaza NaN, ambayo kwa Python ni namba ya desimali, na namba haina split. Iondoe astype(str), kwa sababu katika toleo lako hugeuza ukosefu wa taarifa kuwa neno la kawaida, na baada ya hapo isna() haiwezi tena kuugundua. Andika hivi:

sehemu = df["makazi"].str.split("/", n=2, expand=True).reindex(columns=range(3))

Mstari usiojazwa utabaki bila kitu, na wenye mkoa na wilaya tu utakosa kata pasipo kuikatisha programu. Nimeongeza reindex kwa kuwa likija faili lisilo na kata hata moja, utapata safu mbili tu, nawe ukizipa majina matatu zitakataa.

Jibu la pili:
Nakubali, ila naomba tusiishie kwenye kuzuia kosa. "Tanga/Amani" itapita bila kelele yoyote na Amani itahesabiwa kuwa wilaya, ilhali ni kata ya Muheza. Hakuna amri ya kugawanya inayoweza kujua ni sehemu ipi iliyorukwa. Mimi huanza na df["makazi"].str.count("/"), kisha huitenga mistari yote ambayo jibu lake si 2, ili aliyekusanya taarifa aikague. Hata "Tanga//Amani", yenye mikwaju yote miwili, huleta wilaya iliyo matini tupu, ambayo isna() haiihesabu kuwa imekosekana. Hiyo igeuze kwa sehemu.replace("", pd.NA).

Muulizaji:
Nawashukuru sana. Nimeitenga mistari hiyo, na mingi imekosa wilaya, si kata kama nilivyodhani. Narudi kwa waliojaza fomu.