Beetle ya 1967: nirudishe rangi ya kiwandani au nipige niitakayo?

Mkaazi wa Kizingo
Asalaam aleikum wanajukwaa. Naomba ushauri wa wanaoyajua magari ya zamani. Ninayo Volkswagen Beetle niliyoachiwa na marehemu mjomba wangu. Namba ya chesi, ile iliyogongwa chini ya kiti cha nyuma, inaanza na 117, yaani modeli ya 1967. Tangu utoto wangu naijua nyekundu, na logibuku inasema nyekundu. Sasa iko karakana Changamwe, hapa Mombasa. Fundi amekata mabati yote yaliyoliwa na chumvi na kuunganisha mapya, na alipokwangua nyuma ya dashibodi akakuta samawati. Kumbe nyekundu ilikuja baadaye.

Mimi natamani kijani cha metaliki. Mke wangu anataka nyekundu ya mjomba. Fundi anasema samawati. Siuzi leo, ila nina watoto wanaokaribia chuo na siwezi kuapa kwamba sitauza kamwe. Je, nikibadilisha rangi thamani itashuka? Bodi iko tupu na fundi anangoja jibu.

Bint Tudor
Kaka, mimi niko upande wa mkeo. Gari ikipita barabara ya Mama Ngina ikiwa nyekundu, waliomjua mjomba wako watamwombea dua. Hilo mnunuzi halilipii, lakini nyumbani kwenu lina uzito.

Fundi Rangi
Bwana, kabla ya kuuliza rangi gani, uliza rangi itafika wapi. Gari iliyobadilishwa rangi huumbuliwa na pembe zilizojificha: fremu za milango, ndani ya buti la mbele, chumba cha injini, chini ya kapeti, nyuma ya raba za vioo. Na Beetle ya miaka hiyo dashibodi yake ni bati lililopigwa rangi ileile ya bodi, iko mbele ya macho ya kila anayeketi. Mnunuzi anayejua kazi akifungua mlango huangalia bawaba kwanza. Akiona samawati inachungulia chini ya kijani, anajiuliza ni nini kingine kimefunikwa. Hapo bei huporomoka hata kama bati lako ni zima kabisa. Nimeona gari nzuri zikikataliwa kwa sababu hiyo tu.

Wewe una bahati. Injini iko nje, vioo vimetolewa, bodi ni tupu. Kufika kila pembe leo ni kazi ileile kwa rangi yoyote. Ukishaifunga gari, kubadilisha tena ni kuifungua yote upya.

Hiyo metaliki nakusihi uiache. Beetle za 1967 zilitoka na rangi za kawaida zisizo na chembe za kumetameta, wala hazikuwekwa klia juu, yaani ile rangi angavu ya kumalizia. Madigadi yale ya mviringo yakipigwa metaliki na klia nene, gari inaonekana ya jana.

Ami Motokaa
Mwanangu, jibu la thamani hutegemea gari. Gari iliyotengenezwa kwa uchache, rangi yake ya kwanza ni sehemu ya hati zake, na kuibadilisha ni hasara ya kweli. Marekani mwenye Ford Mustang ya 1967 ya aina adimu huagiza Marti Report, karatasi inayotaja rangi iliyotoka nayo kiwandani, na wanunuzi huidai.

Beetle si adimu kiasi hicho. Zilitengenezwa zaidi ya milioni 21, ya mwisho ikatoka Mexico mwaka 2003. Mnunuzi wake kwanza hutafuta kutu: sakafu, vizingiti, na pale betri inapokaa chini ya kiti cha nyuma. Rangi hufuata. Lakini zikiwekwa mbili zilizotengenezwa kwa usafi sawa, mwenye ile yenye rangi ya kiwandani na karatasi ya kuithibitisha ndiye anayeuza mapema, na kwa bei nzuri zaidi. Karatasi hiyo ipo. Makumbusho ya Volkswagen kule Wolfsburg hutoa cheti cha kuzaliwa cha gari kwa namba ya chesi, nacho hutaja rangi ya kwanza. Samawati yako huenda ni Zenithblau, namba ya rangi L639. Usinunue rangi kabla ya kuhakikisha.

Na kama samawati huitaki, chagua ndani ya kadi ya rangi za 1967. Kijani kilikuwemo, Javagrün, L518. Nyekundu pia ilikuwemo, L456. Gari yenye rangi ya mwaka wake haimshtui mtu, hata kama si rangi iliyozaliwa nayo.

Likoni Ng'ambo
Msisahau karatasi za hapa nyumbani. Rangi imeandikwa kwenye logibuku, kwa hiyo ukiacha nyekundu peleka ombi la kubadilisha rangi kwa NTSA, mamlaka ya usafiri na usalama barabarani. Gari samawati yenye karatasi nyekundu itakusumbua kila kizuizi cha polisi, na mnunuzi atadhani ni ya wizi.

Mkaazi wa Kizingo
Shukran sana, Ami, na nyote. Metaliki nimeiacha. Mke wangu amesoma hapa, naye amekubali tuagize cheti kwanza. Kikisema samawati, tutapiga samawati. Nimeona kwamba nyekundu ya mjomba naweza kuihifadhi kwa picha, lakini nafasi ya kurudisha rangi ya kwanza kwa usafi huu sitaipata tena. Sasa, je, bodi ingoje hivi hivi mpaka cheti kifike?

Fundi Rangi
La, hasha! Bati tupu kwa hewa yetu huanza kutu haraka sana. Mwambie fundi asafishe kisha apige praima ya epoksi, rangi ya chini inayozuia unyevu, mara moja. Praima ya kawaida hupitisha unyevu, ukiitegemea kwa kungoja utakuta kutu chini yake. Ikishakauka, subirini cheti kwa raha. Na pale nyuma ya dashibodi, aache kipande cha samawati ya zamani bila kukikwangua, upana wa kiganja, akipige picha na namba ya chesi. Ndicho kitakachotumika kulinganisha rangi mpya, na siku ukiuza utamwonyesha mnunuzi.