Tukifunga mwamba wa pweza, siku ya kufungua aingie nani kwanza?

Assalamu alaykum. Shehia yetu, kusini mwa Unguja, inajadili kufunga tena sehemu ya mwamba kwa miezi mitatu ili pweza wanenepe. Tumeshafunga mara mbili. Kamati ya wavuvi inataka, wazamiaji wengi wanataka, wachuuzi wanataka. Kina mama tunaochokoa pweza mapangoni kwa miguu, maji yakitoka, tumegawanyika, na mimi nimo katika wanaosema tusifunge mpaka utaratibu wa siku ya kufungua ubadilike. Nitaeleza sababu zangu, kisha mwenye hoja anipinge.

Siyo kwamba nakataa sayansi yake. Pweza wa mwambani anaishi mwaka, akizidi sana mwaka na nusu, na katika umri huo mfupi anakua kwa kasi ambayo changu na pono hawaifikii. Aliyekuwa nusu kilo leo, ukimwacha bamvua chache (zile siku za maji makubwa kujaa na kutoka, mara mbili kwa mwezi) utamkuta mwingine kabisa. Jike akishataga hujifungia pangoni, hali, hatoki, anayapulizia mayai maji safi mpaka yaanguliwe, halafu anakufa. Ukimchomoa kabla ya hapo umeondoa na kizazi chake. Kanuni za Bara zinakataza pweza aliye chini ya nusu kilo. Lakini utafiti wa kusini-magharibi mwa Madagaska, wa pweza wa aina hii hii yetu, uliochapishwa 2012, ulikuta nusu ya majike ndiyo kwanza wanakomaa wakifika kilo 2 na ushei. Basi huyo wa nusu kilo tunayemwona halali ni mtoto bado.

Huko Madagaska ndiko mtindo huu ulikopata sifa. Kijiji cha Andavadoaka kilifunga mwamba wake 2004, na vijiji jirani vikafuata. Mwaka 2015 watafiti wakachapisha matokeo ya mara 36 walizofunga na kufungua. Katika siku 30 baada ya kufungua, pweza waliovuliwa pale waliongezeka kwa zaidi ya asilimia 700 kuliko siku 30 za kabla ya kufunga. Alichopata mvuvi mmoja kwa siku kiliongezeka kwa asilimia 87.

Tafadhalini zitazameni namba hizo mbili kwa pamoja. Jumla imepanda mara nane, lakini mkononi mwa mvuvi mmoja haikufika hata mara mbili. Zilizobaki zimekwenda wapi? Zimekwenda kwa wingi wa watu. Kwa hesabu ya haraka, uvuvi pale uliongezeka zaidi ya mara nne baada ya kufungua. Kila tukiletewa semina tunaonyeshwa namba ya kwanza. Ya pili ndiyo inayonihusu mimi.

Kwetu ilikuwa hivi. Sehemu iliyofungwa ni ile ya karibu na ufuo, kwa sababu ndiyo rahisi kulindwa, mtu anaiona akiwa nchi kavu. Sasa mwamba wa karibu ni wa nani? Ni wa asiye na chombo, anayengoja bamvua, maji yakitoka ashuke na kijiti chake na pakacha. Wazamiaji wana ngalawa, kwa miezi mitatu waliendelea kuvua nje kama kawaida. Sisi tulikaa. Wengine waliweka vitu rehani, wengine walikopa kwenye kikoba. Siku ya kufungua, maji hayajaanza kutoka, boti zimeshapanga mstari ukingoni, na nusu yake si za diko letu, hapa wavuvi wetu wanapoegesha vyombo. Wazamiaji wa miwani wameingia wakati maji ni ya shingo. Tulipoweza kukanyaga mwamba, mapango yalikuwa matupu. Mimi nilirudi na pweza wawili. Picha ya siku ile ninayo, ya wanaume wameinua pweza wa kilo nne, na kila mtu anasema zoezi limefana.

Semeni.

Mzamiaji, diko la jirani

Dada, umesema kweli kuhusu wageni, lakini umetuacha nje kwenye ulinzi. Usiku nani aliyekuwa baharini? Ni sisi, kwa mafuta ya kuchangishana, tunakimbizana na watu wa dago, wavuvi wageni wanaopiga kambi, wenye tochi. Mwamba usiolindwa usiku haujafungwa, umetangazwa tu. Mtu aliyekesha miezi mitatu ukimwambia siku ya kufungua akae pembeni, mara ya pili hatakesha.

La pili, mwamba haufi kwa miwani peke yake. Watu mia wakikanyaga matumbawe bamvua moja, wakapindua mawe kutafuta pweza na wasiyarudishe, kilichokuwa chini ya jiwe kinakaushwa na jua. Nimeona mawe yamelala chali eneo zima. Na hilo halifanywi na wazamiaji.

La tatu, mkipewa nyinyi siku ya kwanza, kina mama wangapi watakuja na vijana wao wa kiume wenye miwani?

Mtafiti wa viumbe wa baharini

Naomba tutenganishe mambo mawili ambayo kwenye mikutano ya vijiji huchanganywa. Kufunga miezi miwili mitatu kunaongeza uzito wa pweza walio pale. Hilo limethibitika. Kuongeza idadi ya pweza wa miaka ijayo ni jambo jingine. Vitoto vya pweza vikianguliwa havikai pangoni. Huelea na mikondo kwa wiki kadhaa kabla ya kushuka mwambani, kwa hiyo watoto wa mwamba wenu huenda wakakulia kwa jirani, na wa jirani wakaja kwenu. Kijiji kimoja kikifunga peke yake kimeweka akiba ya uzito, na yeyote mwenye chombo cha haraka anaweza kuja kuichukua siku ya kwanza. Ndiyo maana Rodrigues, kisiwa cha Morisi, walipoanza 2012 walifunga uvuvi wa pweza kisiwa kizima, miezi miwili, Agosti mpaka Oktoba, na serikali ikawapa wavuvi kazi mbadala za malipo. Hapo hakuna jirani wa kukuvizia, na gharama haikubebwa na mtu mmoja.

Kwa maoni yangu, mkichagua tarehe zifuateni za majirani, hata kama haziwafai sana.

Mzee wa Pemba

Binti yangu, nimekusoma nikawakumbuka dada zangu. Sisi tulikuwa tunaenda kupata kitoweo, kinachozidi kinauzwa. Leo pweza ana bei, mahoteli yanamtaka, viwanda vya Bara vinamsafirisha Ulaya, na mchuuzi anakufuata mpaka kwenye maji. Penye bei hiyo, kila mwenye chombo atakuja. Mgeni msimfukuze, maana nasi tumekula dago kwa watu. Alipe. Alipe kabla hajashuka, kwa kila kichwa, na fedha hiyo igawiwe waliokaa bila kuvua. Kisiwa Panza, huku kwetu Pemba, wamefunga miaka kadhaa sasa, nendeni mkakae nao mezani. Na huyo kijana wa doria naye alipwe mafuta yake, asidhulumiwe.

Mama wa Pate, Lamu

Huku kwetu kina mama wenyewe ndio waliosimama kufunga. Tofauti yetu na yenu naiona hapo. Ukiwa wewe ndiye uliyechagua wapi pafungwe, hutachagua mahali unapopata riziki yako yote. Je, kwenye kamati yenu wanawake ni wangapi?

Mwenye mada

Mama, kwenye kamati tuko wawili, na siku ya kupima eneo hatukuwepo baharini. Swali lako limenigusa kuliko yote.

Kaka mzamiaji, la mawe nalikubali bila kujitetea. Nimeyaona, na mengine nimeyapindua mimi. Tutaliweka kwenye masharti: jiwe lirudi lilivyokuwa. La ulinzi pia una haki, na sikukutaja, samahani. Lakini tazama ulivyolijenga. Wewe uliyekesha unataka malipo yako siku ya kufungua. Na mimi niliyekaa bila kuvua, hayo nayo si malipo kwa mwamba? Wewe ulitoa usiku wako, mimi nilitoa kipato cha bamvua sita. Doria ilipwe kwa fedha inayojulikana, ya ada ya wageni kama alivyosema mzee, na pweza wa ufuoni wasiwe ndio mshahara. Hilo la kuja na vijana wenye miwani ni hofu ya haki. Dawa yake ni kwamba siku hizo miwani isiingie majini kabisa, iwe ya nani.

Nimebadili msimamo kidogo. Nilikuja kusema tusifunge. Sasa nasema tufunge, kwa tarehe moja na shehia mbili za jirani, nusu ya eneo iwe karibu na nusu iwe kule ukingoni kwenye maji ya kina, ili na mwenye ngalawa aonje kukaa bila. Bamvua ya kwanza ya kufungua iwe ya miguu tu. Inayofuata iwe ya wote. Pweza hatakimbia kwa wiki mbili, na kwa jinsi anavyokua, aliyebaki atakuwa mzito zaidi.

Ambalo bado silioni ni wale wajane na wasio na akiba kabisa, watakula nini wiki za mwanzo, kabla hata ada ya wageni haijakusanywa. Mtasema walime mwani, lakini bei yake mnaijua. Mkutano wa shehia ni Ijumaa baada ya sala. Kama kuna diko lililowahi kutoa chochote mwanzoni, siku mwamba unapofungwa na si siku ya kufungua, nielezeni walitoa nini na walikipata wapi.